Nyumba ya Kwenye Picha na Nyumba ya Mtaani

Bismillahir Rahmanir Rahim. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na maswahaba zake.



Mwezi huu watu watatu wameniletea jambo moja, kila mmoja kwa upande wake. Wa kwanza ni kijana mpiga picha wa hapa hapa Tabora, aliyeuliza kama riziki yake ni halali. Wa pili ni dalali. Huyu hakuuliza, alikuja kujitetea. Wa tatu ni mama mtu mzima aliyekuja na dawa yake ya pumu mkononi. Yeye hakutaka fatwa, alitaka hela ya mwanawe irudi. Jambo lenyewe ni picha za nyumba za kupanga na za kuuza. Nitaandika kwa urefu, mwenye haraka aihifadhi asome baada ya Isha.

Niwaeleze kwanza wazee wangu ambao hawajaliona. Zamani, na zamani yenyewe si mbali, mtu akiwa na nyumba ya kupangisha alimwambia dalali, na dalali akakukokota juani kutoka Cheyo mpaka Ipuli ukaangalie kwa macho yako. Sasa nyumba inatafutwa kwenye simu. Dalali anaweka picha Facebook, Instagram na kwenye stetasi ya WhatsApp. Lakini chumba kitupu hakivutii kwenye picha. Kinaonekana kidogo, baridi, kama stoo. Kwa hiyo mpiga picha anakipiga kikiwa kitupu, kisha anaiingiza picha kwenye programu. Kazi hii ilikuwa ya fundi wa kompyuta, akikaa nayo saa nyingi. Siku hizi akili mnemba inaimaliza kwa muda mfupi sana. Unachagua makochi ya kijivu, zulia, runinga ukutani, pazia refu, ua kwenye chungu. Programu inaweka mpaka kivuli cha kochi sakafuni na mwanga wa dirisha juu ya meza ya kioo. Usipoambiwa, huwezi kujua.

Na programu ile ile inayoweza kuweka, inaweza pia kuondoa. Inaondoa ufa, doa la maji darini, nyaya zinazoning'inia, hata choo cha jirani kinachoonekana dirishani. Kuweka na kuondoa: shikeni maneno hayo mawili, maana hukumu itazunguka hapo.

Sasa kisa cha yule mama. Binti yake anafanya kazi za ndani Muscat. Aliona tangazo la nyumba ya vyumba viwili na sebule katika mtaa mmoja wa hapa mjini, sitautaja. Kuta nyeupe pee, dari ya jipsamu, makochi, zulia. Kodi laki moja na nusu kwa mwezi, miezi sita mbele, na mwezi mmoja wa dalali. Akatuma 1,050,000. Hiyo ni hela ya kufua na kupika nyumba ya watu, miezi kadhaa, mbali na mama yake. Mama akahamia mwezi wa kumi na mbili, mvua zimeshakolea. Mle ndani ukuta wa chumba cha kulala ulikuwa unapandisha maji kutoka chini, rangi imebambuka mpaka usawa wa kiuno, dari ina ramani kubwa ya kahawia, na kuna ufa kutoka kona ya dirisha unaoingiza kidole. Mtu wa pumu kwenye ukuta unaonuka ukungu, mnajua wenyewe. Usiku wa kwanza alilala kwa jirani. Asubuhi yake tu akampigia dalali simu. Shikeni na hilo pia, kwamba hakungoja.

Tulipokaa kwenye suluhu, dalali alianza na makochi. "Shehe, mimi nimepangisha nyumba, sijapangisha fenicha. Nani hajui kwamba nyumba zetu zinapangishwa tupu?" Wote tukanyamaza, kwa sababu hapo alikuwa na hoja. Yule mama mwenyewe alisema, "Mwanangu, mimi makochi ninayo yangu, sikuyafuata hayo."

Nilirudi kwenye Minhaj ya Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277 Miladia. Kitabu hiki kwetu sisi Mashafii wa Afrika Mashariki hakihitaji kutambulishwa. Katika mlango wa khiyari, yaani haki ya mnunuzi kuvunja biashara, anaanza na jambo linalofahamika kwa hadithi ya Bukhari na Muslim: mnyama aliyefungwa chuchu. Mtu anataka kuuza ngamia au mbuzi wake, anaacha kumkamua siku mbili tatu, kiwele kinajaa, mnunuzi anaona maziwa tele. Akifika nyumbani, kamua ya kwanza ndoo, ya pili kikombe. Mtume, rehema na amani zimfikie, alilikataza hilo, na akampa mnunuzi uchaguzi baada ya kukamua: akiridhika abaki naye, asiporidhika amrudishe pamoja na pishi ya tende badala ya yale maziwa. Ninyi mnaokwenda minadani kununua ng'ombe mnalijua hili bila kitabu.

Angalieni uhodari wa sheria. Muuzaji wa kiwele hakusema neno la uongo. Hakuapa. Mnyama ni wake, maziwa ni ya kweli, yametoka kwa mnyama yule yule. Alichofanya ni kulipanga jicho la mnunuzi. Na hiyo peke yake imetosha kuitwa tadlisi na kuwa haramu.

Kisha Imam Nawawi anaongeza mifano. Mtu anayaziba maji ya mfereji au ya kinu cha kusagia, kisha anayaachia kwa nguvu siku ya kuuza au kupangisha, ili mteja aone mkondo mkubwa: mteja ana khiyari. Mtu anamtia mtumwa wekundu mashavuni aonekane na afya, au anampaka rangi nyeusi nywele zenye mvi: mnunuzi ana khiyari. Halafu unakuja mfano wa mwisho, ambao ndio uliokuwa mdomoni mwa dalali wetu bila yeye kujua. Mtu anampaka mtumwa wino kwenye nguo, ili mnunuzi adhani huyu ni mwandishi, msomi. Ikadhihirika hajui hata alifu. Hapa kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba mnunuzi hana khiyari. Kwa nini? Kwa sababu wino kwenye nguo si dalili ya kutosha. Huenda nguo ni ya kuazima. Mnunuzi amezembea, alipaswa kumpa kalamu aandike. Dhambi ya mdanganyaji iko pale pale baina yake na Mola wake, lakini haki ya kurudisha mali haipo.

Nisimame kidogo hapa, kwa sababu mifano hii ukiisoma Tabora haisomeki kama ukiisoma mahali pengine. Mashavu yaliyotiwa wekundu yalikuwa mashavu ya binadamu. Na mji wetu huu, Kazeh ya wakati huo, pale Unyanyembe, ulikuwa njia panda ya misafara: ukitoka Bagamoyo unafika hapa, hapa unaelekea Ujiji na kuvuka ziwa, au unapanda kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Burton na Speke walifika mwaka 1857 wakaukuta mji una wafanyabiashara wake, pembe zake na watu wake waliofungwa minyororo. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe, na wako waliobebeshwa wakiwa wenyewe ni bidhaa. Mwingereza aitwaye Smee, aliyefika Unguja mwaka 1811, aliandika jinsi watumwa walivyosuguliwa mafuta ya nazi ngozi ing'ae na kupakwa rangi usoni kabla ya kutembezwa sokoni. Soko lile lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba wa Sultan Barghash. Walionunua na kuuza pale, wengi wao walikuwa wanaswali. Ninaposema tadlisi si jambo dogo, sisemi kwa sababu ya makochi tu. Kupamba bidhaa kwa ajili ya jicho la mnunuzi kuna historia ndefu hapa kwetu, na sehemu ya historia hiyo ni ya aibu. Wako watakaochukia nimeandika hivi. Tembe la Kwihara lipo, ni makumbusho, nendeni.

Na kwa kuwa nimeitaja Kwihara, acha niseme na hili. Stanley, aliyekuja mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, alisimulia alivyokuta kwa Waarabu wa huku mazulia ya Kiajemi na vyombo vya fedha vya kunywea kahawa, vitu vilivyotoka pwani kichwani mwa wapagazi kwa miezi ya kutembea. Nyumba zenyewe kwa nje zilikuwa matembe, kuta za udongo na paa bapa la udongo. Kwa nje udongo, kwa ndani zulia la kweli. Leo tumegeuza: zulia liko kwenye picha, udongo unakungoja ukifika.

Turudi kwenye hukumu. Nilimwambia dalali: kuhusu makochi, hoja yako inafanana na wino kwenye nguo. Desturi ya mji huu ni nyumba kupangishwa tupu, na mpangaji anayejua desturi hawezi kudai arudishiwe kodi kwa sababu hakukuta runinga. Lakini kama tangazo limesema fenicha zimo, hiyo si picha tena, ni sharti, na Waislamu hushikamana na masharti yao. Tangazo lako halikusema hivyo, kwa hiyo hapo umepona.

Ukuta ni jambo jingine. Ule ufa na lile doa havikufichwa na kochi, vilifutwa. Picha ya asili tuliiona kwenye simu ya kijana aliyeipiga, na doa limo. Hii ni sawa na maji ya kinu, bali ni mbaya zaidi, maana mwenye kinu alizidisha uzuri, wewe umezika ugonjwa. Na kuna hadithi ya Uqba bin Amir katika Ibn Majah, kwamba haimhalalikii Mwislamu kumuuzia nduguye kitu chenye kasoro bila kumbainishia. Na kuna ile iliyo mashuhuri zaidi katika Sahih Muslim: Mtume alipita sokoni kwenye rundo la chakula, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikagusa unyevu. Mwenye mali akajitetea kwamba ni mvua imelinyea. Mtume akamuuliza mbona hakuuweka ule unyevu juu watu wauone, kisha akasema kwamba mwenye kudanganya si katika wao.

Tazameni kosa la yule mtu lilikuwa nini. Si mvua, mvua ni ya Mwenyezi Mungu. Nyumba yako kupata unyevu si dhambi. Nusu ya nyumba za zamani za mji huu zinapandisha maji, matofali yake ni ya udongo na msingi haukuwekewa nailoni. Kosa lilikuwa kwamba kilicholowa kimewekwa chini na kikavu kimewekwa juu. Programu ya picha ukiiambia ifute doa, umeweka kikavu juu.

Sasa kuna la tatu, lililonichukua muda kulielewa, na bila yule kijana kunieleza nisingelijua: ukubwa wa fenicha. Mnajua vitanda vyetu tunavitaja kwa futi: nne kwa sita, tano kwa sita, sita kwa sita. Chumba cha futi kumi kwa kumi ukiweka kitanda cha sita kwa sita, kimebaki kichochoro cha futi nne upande mmoja na cha futi nne mbele. Kabati likiingia, mlango wake unafunguka kwa shida. Lakini kwenye picha ya kompyuta kitanda hakina futi. Mpambaji anaweza kukipunguza kidogo, akakiwekea meza mbili za pembeni, kabati, kioo na kiti cha kupumzikia, na chumba kikaonekana kama cha hoteli. Hakudanganya kwa kufuta kitu. Hakusema neno. Ila amekupa kipimo cha uongo. Hiki ndicho kiwele kilichojazwa. Surat al-Mutaffifin inaanza kwa kuwaonya wanaopunja vipimo, na sioni kwa nini futi za kitanda zisiwe kipimo kama pishi na ratili. Hii ni rai yangu. Aliye na elimu zaidi anirekebishe.

Njia ya kugundua ni nyepesi. Angalia vigae vya sakafu. Vikiwa vya sentimita 40, kitanda cha futi sita kinapaswa kufunika vigae vinne na nusu. Ukihesabu vitatu, hicho ni kitanda cha mtoto kilichovishwa shuka la watu wazima. Kama hakuna vigae, tumia mlango: mlango wa chumba ni kama futi tatu, kitanda cha sita kwa sita kiwe milango miwili. Na muulize dalali kama picha imepigwa kwa lenzi pana. Hata kwenye simu zenu ipo, ile ya 0.5. Jaribuni nyumbani leo, pigeni chooni kwa 0.5 muone kitakavyogeuka ukumbi.

Je, kupamba picha kote ni haramu? Hapana, na siwapendi wanaoharamisha ili waonekane wacha Mungu. Mtu kupaka nyumba yake rangi kabla ya kupangisha ni halali. Kufagia, kukata majani, kupiga picha asubuhi jua likiingia vizuri, halali. Hata kuweka fenicha za kompyuta kuna faida ya kweli: wengi wetu tukiona chumba kitupu hatuwezi kukadiria kama kitanda kitaingia. Ukiniwekea kitanda chenye futi zake sahihi, umenisaidia. Masharti ninayoyaona ni kwamba iandikwe juu ya picha yenyewe, si chini kwenye maelezo ambayo hayasomwi, kwamba nyumba ni tupu na fenicha ni za picha. Picha tupu iwekwe pamoja nayo. Vipimo viwe vya kweli. Na kisiondolewe kitu chochote ambacho mpangaji atakikuta. Gari lililoegeshwa mbele ya nyumba siku ya kupiga picha unaweza kuliondoa, maana litaondoka lenyewe. Nguzo ya umeme haitaondoka.

Wala msidhani haya ni ya masheikh wa vijijini. California huko Marekani wametunga sheria, imeanza kutumika tarehe 1 Januari 2026, inayomtaka anayetangaza nyumba kwa picha iliyobadilishwa kwa kompyuta aseme wazi kwamba imebadilishwa, na amwezeshe mteja kuiona picha ya asili. Wao wamefika hapo kwa kesi na malalamiko. Sisi mkono ulishaingizwa ndani ya rundo la chakula miaka elfu moja na mia nne iliyopita, na bado tunafuta madoa.

Niseme na ninyi mlio Muscat, Dubai, Doha, na hata mlio Dar mnaopangia wazazi huku. Katika madhehebu yetu, kauli yenye nguvu ni kwamba kuuza kitu maalumu ambacho mnunuzi hajakiona hakusihi, na kupangisha nyumba hiyo maalumu kunafuata njia hiyo hiyo. Mahanafi wamelegeza, wanaruhusu na kumpa mnunuzi khiyari atakapokiona. Je, picha ni kuona? Mashafii wetu hawakukubali hata kukiona kitu kilichofungiwa ndani ya chupa ya kioo kuwa ni kuona kunakotosha, seuze picha, seuze picha iliyopambwa! Na Khatib al-Shirbini, aliyeisherehesha Minhaj na kufariki mwaka 977 Hijria, ametaja nyumba inaonwaje: uone vyumba, dari, juu ya paa, kuta kwa ndani na kwa nje, mahali pa kuogea, na shimo la maji machafu. Mwanachuoni mkubwa wa Misri, takriban miaka mia nne na hamsini iliyopita, anakwambia ukaangalie karo! Mimi nilipolisoma hilo kwa mara ya kwanza nilicheka peke yangu, lakini waulizeni waliopanga nyumba zenye karo lililojaa kama ni la kuchekesha.

Basi usitume hela kwa picha. Weka wakala: kaka, shangazi, jirani wa zamani, mtu unayemwamini, aende kwa niaba yako, kuona kwake kunasimama badala ya kuona kwako. Aende mvua ikiwa imenyesha, kama inawezekana. Afungue bomba, kwa kuwa hata baada ya maji ya Ziwa Victoria kutufikia, bomba la nje kutoa maji si bomba la ndani kutoa. Aangalie LUKU ni ya peke yako au mnachangia na nyumba ya pili. Aweke kiganja ukutani, chini, usawa wa goti. Na ukishapanga ukakuta kasoro iliyofichwa, sema siku hiyo hiyo. Khiyari kwetu ni ya haraka. Ukikaa miezi mitatu kimya huku unakasirika moyoni, umeridhia.

Ndiyo maana nilisema mshike kwamba yule mama hakungoja. Mwenye nyumba, ambaye nilimkuta ni mtu mpole na hakujua picha zimefanywa nini, alisema atarekebisha ukuta mvua zikiisha. Minhaj imelijibu hilo pia: matengenezo ya nyumba ya kupangisha ni juu ya mwenye nyumba, akiharakisha kutengeneza, mpangaji hana khiyari, asipoharakisha, anayo. Mvua zetu huisha mwezi wa nne. Kumngojesha mgonjwa wa pumu miezi minne si kuharakisha. Akakubali. Ulihesabiwa mwezi mmoja kwa kuwa vitu vya mama vilikuwa mle ndani tangu alipohamia mpaka tulipomaliza, ikabaki 750,000. Laki nne aliitoa siku ile, laki tatu na nusu baada ya wiki mbili. Dalali alisema ya kwake ameshaila. Tulivutana sana. Mwisho alimtafutia mama nyumba nyingine Kiloleni, bila kuchukua hata senti, na safari hii mama alikwenda mwenyewe na fimbo yake, akagonga kila ukuta.

Amebaki kijana mpiga picha. Hoja yake ilikuwa hii: "Shehe, mimi ni fundi. Naambiwa futa, nafuta. Anayeposti ni dalali, anayepokea kodi ni mwenye nyumba. Mimi napata elfu ishirini yangu." Nilimuuliza: yule aliyezuia maji ya kinu, kama alikuwa na kibarua wa kushika bao la kuzibia, kibarua yule hana lake? Qur'ani katika Surat al-Maida imetutaka tusaidiane katika wema na uchamungu, na ikatukataza kusaidiana katika dhambi na uadui. Fundi anayejua anachofuta ameshiriki. Angekuwa ameletewa picha hajui nyumba ilivyo, ningesema mengine. Yeye alisimama mle ndani na kamera, na unyevu aliunusa.

Sikumficha kwamba atapoteza wateja, na ameshapoteza. Alipomwambia dalali mmoja kwamba kuanzia sasa ataweka fenicha lakini hafuti, na kwamba picha itakuwa na maandishi, dalali yule alihamia kwa mpiga picha mwingine wiki hiyo hiyo. Kijana ana mke na mtoto mchanga. Ipo hadithi ya Bukhari na Muslim kwamba wawili wanaouziana wakisema kweli na wakabainisha, hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kusema uongo, baraka yake hufutwa. Lakini baraka haisomeki kwenye simu tarehe ya kodi ikifika, na mimi siwezi kukaa kwenye mimbari nikajifanya kwamba hilo ni jepesi. Ninyi mlio na nyumba za kupangisha na mnanisoma hapa, mpeni kazi mtu wa namna hii. Sitaandika namba yake, ulizeni msikitini.

Aliniuliza la mwisho: picha alizokwisha zifanya? Nikamwambia zile alizoweka makochi tu, amuombe Mungu msamaha na aendelee na mbele. Zile alizofuta kasoro, kuna haki ya mtu ndani yake, na haki ya mtu haifutiki kwa kusema astaghfirullah peke yake. Amfuate aliyepanga, amwambie kilichofichwa, ili yule ajue la kudai kwa mwenye nyumba. Akahesabu kwenye simu yake, akapata nyumba nne. Moja ndiyo hii ya mama. Moja bado haijapata mtu, akamwambia dalali aitoe picha ile, ikatolewa. Ya tatu alikwenda, akamkuta mpangaji ni mwalimu, akamweleza. Mwalimu akamjibu kwamba amelijua tangu mvua ya kwanza, akamkaribisha chai. Ya nne bado hajaenda.

Wallahu a'lam.